Taa Rangi ya Nyasi

Kibuye sokoni,
Kisumu.
Mwezi wa nane, siku ya mvua.

Kwa mpwa wangu mpendwa Lorine,

Pokea salamu kutoka kwa mjomba wako Odongo, yule yule unayemwita Nera, ambaye bado anatembea kwa miguu yake na kutafuna mahindi ya kuchoma kwa meno yake mwenyewe. Je, u mzima? Na Apiyo mdogo, huyo mtoto ambaye hajakanyaga ardhi ya kwao, anaendeleaje na baridi ya Uingereza? Baba yake msalimie sana. Wagonjwa wako hospitalini wasalimie pia, waambie wana bahati kuuguzwa na damu yetu. Sisi huku tunashukuru Mungu. Mvua imenyesha mpaka kambale wametoka mitaroni wakaingia barabarani pale Ahero. Mimi mwenyewe nilimkanyaga mmoja nikiwa na viatu vya kanisa, mkubwa kiasi kwamba ni mimi niliyeomba msamaha.

Barua hii ameibeba Celestine, binti wa jirani zenu wa Pap Onditi, anayerudi huko kazini. Amebeba pia omena waliokauka vizuri. Mama yako alitaka aongeze mbuta mzima, Celestine akakataa, akasema nguo zake zitaingia Uingereza zikinuka ziwa. Najua unajiuliza kwa nini mjomba mwenye simu mbili anaandika kwa kalamu kama karani wa wakati wa mkoloni. Iko sababu, nayo utaikuta huko mbele. Tafadhali usiruke kurasa kama ulivyokuwa ukiruka ukiwa shule.

Nianze na ule mtambo. Ulipotuma lile boksi jeupe la waifai ili wewe na mama yako muonane kwa simu ya video, na yeye amwone mjukuu aliyepewa jina lake, hukukosea kuniachia mimi kazi. Kabla ya hapo nilikuwa nimemfungia mkubwa mmoja wa Milimani kituo chake cha mawimbi, katika nyumba yenye vyumba ambavyo mwenyewe hajaviingia vyote. Nilipokiwasha, mawimbi yaliteremka hadi Dunga, wavuvi wakatazama mpira wa Ulaya wakiwa ndani ya maji. Viboko walitoa masikio nje, yote yameelekea Milimani. Hili si la kubishana, watu wa Dunga wapo.

Basi nilipofika Pap Onditi nilifanya kazi ambayo hata wewe mwenye vyeti ungenyamaza utazame. Nilitia laini, nikachomeka stima, nikangoja taa zikubaliane. Kisha nikashika simu, nikaandika ile anwani ya namba tupu, mia moja tisini na mbili na ndugu zake, ukurasa ukafunguka ukaniuliza mimi ni nani. Nikauambia. Ndani yake kuna barabara mbili. Moja ni ya kasi sana, lakini ikikuta ukuta inarudi kama mkwe aliyekuta mlango umefungwa. Nyingine ni ya mkokoteni: inaenda polepole lakini inafika, inapita matofali, inapita mabati, inafika hata kwa kuku. Kwa nyumba ya mama yako nikachagua ya mkokoteni. Jina la mtandao nikaliweka la kujisifu, kama tunavyojisifu kwenye sherehe muziki ukisimamishwa: ODONGO PACHA SIMBA WA NYANZA. Paswadi nikaweka Rateng', jina la fahali mweusi wa baba yetu, ili asiyetoka kwetu asiingie.

Mama yako aliuliza tu kama kitu hiki kitakaa uchi hivyo mbele ya wageni. Nilipogeuka alikuwa amekipapasa na kukivisha kitambaa cha kufuma, kile cheupe chenye maua ya waridi pembeni. Nikamwambia rauta inapumua, itapata joto. Akanijibu kwamba redio ya marehemu mumewe ilivaa kitambaa miaka yote na haikuwahi kukohoa. Nikamwachia. Unamjua mama yako: tulizaliwa siku moja, lakini yeye alitangulia, na tangu hapo hajaacha kunitangulia.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipopiga. Uliona mabati, ukaona kalenda ya kanisa, halafu giza. Mama yako alisema simu imemteleza. Jumapili iliyofuata akasema picha imekataa, tuongee tu kwa sauti. Ile nyingine akasema mtandao umelala. Ikawa hivyo kila mara. Wewe unanipigia mimi Kisumu, mimi nampigia yeye Pap Onditi, maana fundi wa kweli hutibu hata kwa simu. Swali la kwanza la ufundi ni moja: taa ni rangi gani? Ikiwa nyekundu, mtandao umekufa. Ikiwa haipo kabisa, stima hakuna. Ikiwa ya kijani, mambo ni mazuri. Mama yako alinijibu siku zote kwa lugha yetu, kwamba ni rangi ya nyasi. Nikakuambia wewe kuwa taa ni ya kijani, ukaniuliza kwa nini basi picha haiji. Hapo nikaanza kukutajia vitu: mara mawingu, mara mabati, mara mlima wa Nyabondo.

Ndipo siku ile ukaniambia, na sauti yako ilikuwa imechoka kama mtu aliyetoka zamu mbili, kwamba Nera, kama kazi imekushinda sema imekushinda, nimtafute anayejua. Nikasema imenishinda. Lorine, rudi usome tena sentensi hiyo. Mimi, Odongo, nilisema imenishinda.

Habari mbaya haihitaji waifai. Seif, mwenye kibanda cha vifaa vya umeme karibu na changu hapa Kibuye, sijui aliipata wapi. Kila asubuhi akifungua kufuli ananipigia kelele mbele ya wateja: Simba wa Nyanza, habari ya nyasi? Anasema hata nyanya yake anamwona binti yake wa Dubai mpaka anamwambia abadilishe mapazia. Mteja mmoja aliyekuwa ananiletea rauta yake nimsawazishie aliichukua akavuka nayo kwenda kwa Seif. Siku hiyo nilifunga kibanda saa sita mchana. Watu walifikiri ninaumwa.

Halafu wewe ukamtuma Ikhlas. Yule binti fundi wa mitandao alifika na begi mgongoni na viatu vya kupandia mlingoti, nami nikafuatana naye hadi kwa mama yako nisiachwe nje ya habari. Aliondoa kitambaa, akaingia kwenye ukurasa, akasoma jina la mtandao, akacheka hadi akashika ukuta. Akapima sebuleni, akapima jikoni, akapima kwenye banda la kuku. Akasema, Mzee, hapa hakuna ugonjwa, aliyefunga hii alijua anachofanya. Lorine, maneno hayo nilitaka ayaseme mbele ya soko lote la Kibuye. Badala yake nilimvuta nje, nikamsihi akuambie kwamba mlima umeziba. Akakunja uso. Akasema yeye wateja hawadanganyi, na mzee wa umri wangu aone haya. Ikabidi nimweleze. Akavua kofia yake, kisha akasema atakuambia neno moja tu la kweli na mengine niyaseme mimi. Ndiyo maana alikuambia kwamba mtambo hauna kosa, shida iko pale nyumbani. Wewe ukadhani anazungumzia nyaya.

Sasa, Lorine, keti. Kama umembeba mtoto, mlaze kwanza.

Mtandao wa mama yako ni mzima tangu siku niliyoufunga. Haujawahi kulala hata mara moja, isipokuwa stima ikipotea. Mama yako ndiye haoni.

Mimi mwenyewe sikujua mwanzoni. Nilijua kupitia taa. Kuna siku nilimpigia kama kawaida, nikamuuliza rangi, akasema ya nyasi, tena leo inang'aa kuliko jana. Nyuma yake nikamsikia Nabututu, yule mama jirani anayemsaidia kupika, akilalamika kwamba stima imepotea tangu asubuhi. Nilifunga kibanda nikaenda. Nikakuta rauta imegeuzwa uso ukutani, nadhani Nabututu aliigeuza akipangusa vumbi, na taa zake zote zimezimika. Mama yako alikuwa ameketi hapo hapo. Nikamuuliza, sasa ni rangi gani? Akasema ya nyasi. Nikasimama mbele yake, karibu kabisa, nikamtolea ulimi wote nje, kama tulivyofanyiana tukiwa wadogo. Unajua tangu utoto nikimtolea ulimi huwa ananitukana tusi moja refu linaloanzia kichwani kwangu na kuishia kwenye nyayo. Siku hiyo hakunitukana. Aliendelea kutabasamu akingoja nimjibu kuhusu taa. Nilirudisha ulimi ndani nikakaa chini.

Alipokisikia kimya changu alijua nimejua. Akaniambia yote. Ukungu ulianza jicho moja hata kabla hujasafiri, akakuficha. Kisha la pili. Madaktari wa macho walipokuja sokoni Pap Onditi na hema lao, Nabututu alimpeleka, wakamwangalia wakamwambia kwa Kiswahili, mama, una mtoto wa jicho, macho yote mawili, njoo Kisumu tumtoe, utaona. Alisimama akaondoka bila kuaga. Njiani akamwambia Nabututu kwamba mtoto anayetaka kumwona yeye ni wa Lorine, si wa jicho.

Lakini mzaha huo ulificha hofu, na hofu yenyewe ni hii. Mama yako alielewa kwamba mtoto wa jicho ni yule mtu mdogo unayemwona ndani ya jicho la mwenzako ukimtazama kwa karibu. Yaani mboni yenyewe, sisi tunasema yai la jicho. Kwake, madaktari walikuwa wanasema watamtoa yule mtu kwa kisu na kumwachia nyumba tupu. Akasema afadhali ukungu, ukungu angalau una mwanga mchana. Na usimcheke, maana leo ni siku ya ukweli: mimi pia nilielewa hivyo hivyo. Nilimwambia, dada yangu, usikubali, hata kuku hatolewi yai akiwa bado anatembea.

Ikhlas ndiye aliyenifungua, siku ile kando ya banda la kuku. Bibi yake Zeituni alikuwa na ugonjwa huo huo. Akanieleza kwamba mtoto wa jicho ni jina tu. Ndani ya jicho mna kioo, na kioo hicho kimeshika ukungu kama kioo cha taa ya chemni kinavyoshika moshi. Wanaondoa kioo kibovu, wanaweka kisafi. Yule mtu mdogo hawamgusi. Bibi yake sasa anachagua mchele mwenyewe, na akikuta jiwe lililoachwa na mwingine nyumba nzima inajua. Nilirudi ndani mbio nikamwambia mama yako. Unajua alinijibu nini? Akasema, Odongo, viboko wako walisikiliza waifai kwa masikio, kambale wako alivaa viatu, leo unaniletea macho yenye vioo. Akacheka, akaniambia nimwekee chai.

Hapo ndipo nilipoumia, mpwa wangu. Nimesema maneno mengi maishani, na yalifurahisha watu. Nilipopata moja la kweli la kumwokoa dada yangu, likaingia katika foleni nyuma ya kambale.

Ananisikiliza katika jambo moja tu, nalo ni zile picha za mtoto unazotuma. Nafika Jumamosi, nafungua simu, namsomea picha kama mtu anayesoma gazeti. Ndiyo sababu mwezi wa tano alikuambia kwamba mtoto ana mwanya wa mbele kama wa bibi yetu, ukacheka ukasema mtoto hana jino hata moja, mama anazeeka. Hazeeki. Mwanya ni wangu, niliuweka mimi. Niliweka pia nywele nyingi, na vishimo mashavuni, na siku moja aliponiona, samahani, aliponisikia nimekawia, nilisema mtoto ananyoosha mkono kuelekea kwetu Nyakach. Alilia kwa furaha. Ungekuwa wewe ungemwambia ukweli, kwamba mtoto amelala na ana upara? Mimi nilishindwa.

Kwa nini alikuficha? Alisema, Lorine ni nesi, akinitazama mara moja tu katika hiyo simu atajua. Atakatiza kazi, ataacha karatasi zake za kuishi huko nusu, atakuja na mtoto mchanga kukaa na kipofu. Ndiyo maana simu iliteleza, ndiyo maana picha ilikataa. Akaniapisha pacha kwa pacha kwamba mdomo wangu hautakuambia. Niliapa. Tena nisingeweza hata kukupigia kwa siri nikiwa kwake. Tangu macho yalipopungua masikio yake yameongezeka, anasikia hadi paka akifikiria maziwa.

Sasa umeelewa kalamu hii. Niliapa kwa mdomo, na mdomo wangu haujasema neno. Ni mkono. Kuhusu mkono hatukuzungumza.

Ninalokuomba ni hili. Jumapili ukishapata barua hii, piga simu ya video mchana, watu wakishatoka kanisani. Mimi nitakuwa pale. Rauta itakuwa imevuliwa kitambaa, nami ndiye nitakayeshika simu, kwa hiyo haitateleza. Usianze na macho. Mlete mtoto karibu apige kelele zake, mama yako amsikie kwanza. Kisha mwambie kwa Kiluo, kama nesi anavyomwambia mgonjwa, kwamba yai la jicho halitolewi, ni kioo tu kinachobadilishwa, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu kuumbwa dunia Odongo alisema kweli. Wewe atakuamini. Usikatize kazi, usikate tiketi. Kumpeleka Kisumu ni juu yangu na Nabututu. Nabututu ameshatenga hata kanga ya safari, ingawa mgonjwa mwenyewe hajui kuna safari. Daktari alisema asikawie sana, jicho la kulia limeshafunga karibu lote. Juzi alimimina uji nje ya kikombe, akasema kikombe ndicho kilichosogea.

Najua utakasirika. Kasirika, una haki. Lakini ukiwa naye kwenye simu, hasira niwekee mimi. Yeye mpe mtoto.

Na usisahau kwamba na mimi najiingiza taabuni. Siku atakapofunguliwa macho, kitu cha kwanza atakachotaka ni kumwona mjukuu. Atatafuta mwanya, mwanya haupo. Atatafuta nywele, atakuta zile tatu. Nitaonekana mwongo mbele ya mtoto ambaye hata kusema hajajua. Sawa. Na kule Kibuye, niwe nimeshindwa au nimeshinda, Seif hatakosa la kusema.

Siku bandeji itakapotolewa nitaomba wanipe nafasi ya mbele kabisa. Sitasema kitu. Nitasimama karibu na uso wake nimtolee ulimi wote nje, daktari akitaka anifukuze, nami nitangoja hapo. Akinitukana lile tusi refu, kuanzia kichwani hadi kwenye nyayo, utalisikia huko Uingereza hata bila waifai.

Nabututu anakusalimu, anasema mtoto asinyolewe kabla hajaja nyumbani. Celestine mkaribishe chai. Mama yako anajua kwamba nimeandika, nimemwambia ni salamu tu, naye amesema nikuongezee za kwake: ule vizuri, uvae sweta, na mtoto umfunike masikio. Mungu awatunze hadi tuonane, sote, kwa macho. Oriti.

Ni mimi mjomba wako,
Odongo, pacha wa Apiyo,
fundi wa mitambo ya mawimbi, Kibuye.